Petronila na Kiti cha Kompyuta

Petronila alikuwa na wivu, na sioni sababu ya kumfichia wakati mwenyewe hakuwahi kuuficha. Tulifanya kazi pamoja kwenye shirika la kulea yatima pale Miembeni, Bukoba mjini. Yeye alikuwa mpiga chapa, mimi nilitunza stoo ya mablanketi, sabuni na sare za watoto. Ukija kazini na kitenge kipya alikisifu kwanza, kisha akakushika pindo, akauliza ulikinunua wapi, kisha akanyamaza mpaka saa ya chakula. Nilimzoea. Nilikuwa namwambia asubiri kidogo tu, kitenge kitachuja na roho yake itapoa, na hapo alicheka, maana hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba kila kizuri alichokiona kwa mwingine kilimuuma, kana kwamba yeye ndiye aliyenyang'anywa.

Ulianza zamani huo wivu. Alizaliwa Kamachumu, kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Mwaka wa vita, Bukoba ilipopigwa mabomu na watu wa mjini wakakimbilia vijijini, nyumbani kwao alifikia mama mmoja aitwaye Anatolia, mpiga chapa. Wengine walikimbia na magodoro na masufuria. Anatolia alikimbia na taipureta, ameifunga kwenye shuka na kuibeba kichwani, na hata mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini aliichagua hiyo akaacha godoro. Petronila alikuwa msichana mkubwa tayari. Alipoona vidole vya yule mama vikikimbia na herufi zikijipanga kwenye karatasi, raha yote ikamtoka. Aliniambia kwamba alijiuliza swali moja tu: kwa nini yeye ajue na mimi nisijue. Basi akawa anakaa nyuma ya bega la Anatolia na kisu na kikapu cha ebitoke, zile ndizi za kupika, akijifanya anamenya. Vita vilipokwisha na mgeni akarudi mjini, Petronila aliweza kupiga barua bila kuangalia vidole. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kijicho.

Kwa kazi hiyo hiyo akaja mjini, akaajiriwa, akaolewa na Ildefons, karani wa kahawa, mwanamume mpole aliyevaa kofia ya pama hata akienda kuchota maji. Kisha ikaja ile miaka. Ugonjwa wenyewe kwetu tuliuita Juliana kabla haujapewa jina la hospitalini la Ukimwi, na uliingia kila boma bila kubisha hodi. Ildefons alikwenda. Baada yake akaenda dada yake Petronila, na watoto wa dada wakahamia kwenye chumba chake cha kupanga, wakawa wanalala wamebanana kwenye mkeka mmoja. Mshahara wa mpiga chapa ndio uliowalisha. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba yaliyofuata yalikuwa ugomvi wa wanawake wawili juu ya mashine.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini wafadhili walituletea kompyuta ya kwanza. Kioo chake kilikuwa cheusi na maandishi yake meupe, haina picha wala rangi. Petronila alipelekwa Mwanza kwenye kozi fupi, akarudi na maneno ya Kiingereza yaliyokatwakatwa, ambayo hayakuwa na maana kwa mtu yeyote. Aliyaandika kwenye kioo moja baada ya jingine na mashine ikatii. Mashine hiyo ilitumia kitu kinachoitwa Dosi. Dosi ni nini, hakujua. Bibi zetu waliimba misa nzima kwa Kilatini bila kuelewa neno na Mungu akawasikia. Petronila aliichukulia Dosi vivyo hivyo. Akikosea herufi moja, mashine ilikataa, naye alirudia pole pole kama anayetubu.

Tulimheshimu kupita kiasi. Tulivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, akaiwekea pazia lisipenye vumbi. Mkurugenzi wetu, Bwana Lwakatare, mtu mwenye digrii, alibisha hodi kwenye chumba ambacho ni cha ofisi yake mwenyewe. Kwa miaka ile sikumwona Petronila akishika pindo la kitenge cha mtu. Alikuwa na kiti ambacho hakuna mwingine angeweza kukikalia, na hicho kilimtosha.

Halafu mwaka mmoja baada ya ile meli kuzama ziwani, wakati watu bado wanaogopa hata kutazama maji, ikaja kompyuta ya pili, na pamoja nayo akaja Getruda.

Getruda alikuwa binti wa Ijumbi, kule Muleba. Mama yake mjane alikuwa ameuza kahawa na ng'ombe kumpeleka kusoma kompyuta Dar es Salaam. Alikuwa mwembamba, mpole, anayesalimia kila mtu kwa kupiga goti kidogo, na hilo lilimuudhi Petronila zaidi, maana angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi kumchukia. Kompyuta yake ilikuwa ya Windows. Ukiiwasha lilitokea anga lenye mawingu, kisha kioo kikajaa vipicha vya rangi, naye alisukuma kile kidude cha mezani alichokiita mausi na mambo yakafunguka bila kuandika neno lolote. Alikuja na kiti chake pia, kiti cha magurudumu chenye mgongo wa sponji.

Ofisi nzima ilihamia kwenye mlango wake. Mlinzi alikuja, wauguzi walikuja, mpishi alikuja na mwiko mkononi. Kesho yake mji mzima ulijua kwamba tuna Windows, na hapo ndipo nilipoanza kushangaa akili za watu, pamoja na yangu. Hakuna aliyejua Windows ni nini. Mpishi alifikiri ni jina la kampuni iliyotengeneza kile kioo. Bwana Lwakatare alieleza kwenye mkutano kwamba ni kompyuta iliyoendelea, na alipoulizwa imeendelea kufika wapi akasema hilo ni suala la kitaalamu. Mzee Suryakant, mwenye duka la karatasi na wino kule mjini, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki, alibandika kwenye mlango wa duka lake tangazo la fotokopi za Windows, na mashine yake ya fotokopi ilikuwa ile ile ya tangu zamani. Watu walipanga foleni.

Barua iliyotoka kwa Getruda ikawa inaitwa barua ya Windows. Watu waliamini inakwenda mbali zaidi na kujibiwa haraka zaidi. Siku moja alikuja Ta Rugaibula, mwenyekiti wa wazee wanaolea wajukuu kule Kamachumu, akitaka barua ya kuomba mabati. Getruda alikuwa na kazi nyingi. Petronila akajitolea, mzee akakataa kwa adabu, akasema angesubiri ya Windows. Petronila akauma meno. Akampigia barua ile ile kwenye Dosi yake, akamwomba Getruda naye aipige, kisha akaweka karatasi zote mbili mbele ya mzee. Printa ilikuwa moja na karatasi za rimu moja. Ta Rugaibula akazigeuza, akazisogeza kwenye mwanga, akachagua moja, akasema hii hata kipofu anaona ni ya Windows. Ilikuwa ya Petronila. Alipoambiwa hivyo mzee aliirudisha mezani, akachukua ile nyingine, akasema basi printa ndiyo ilikuwa imechanganya.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Petronila hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, wivu wake ulikuwa na haki, na ukiwa na haki ndio huwa mbaya zaidi.

Kisha Bwana Lwakatare akatangaza kwamba kompyuta ya zamani itapelekwa kwenye shule moja ya Kamachumu, na mwisho wa mwaka ofisi ingebaki na mpiga chapa mmoja tu. Hakutaja jina, na hakuwa na haja. Waliibeba ile Dosi kwenye pikapu ikiwa imefunikwa kitambaa chake cheupe, na Petronila alisimama uani akiitazama mpaka ilipopinda kona. Akahamishiwa stoo, kwangu, kukunja barua na kubandika bahasha. Kila saa alipata sababu ya kupita chumba cha kompyuta. Alisimama nyuma ya Getruda na bahasha mkononi, kimya, akitazama kipicha gani kimebonyezwa na nini kimefunguka. Namjua rafiki yangu. Ilikuwa ni kile kikapu cha ebitoke tena.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu. Habari ya kifo ikifika, kazi huwekwa chini pale pale. Mwenye jembe huliacha shambani. Kabla maiti haijazikwa hakuna anayelima, na anayeonekana anaendelea na kazi yake, majirani huuliza alikuwa anamchukia marehemu kwa lipi. Ofisini tuliufuata mtindo huo huo. Na miaka ile vifo havikuwa habari ya mwezi kwa mwezi. Tulikuwa tunatoka kwenye kaburi moja na udongo wa jana bado uko kwenye viatu.

Kwa Dosi hilo halikuwa tatizo. Petronila alikuwa anatunza maandishi yake kila aya, kilio kikisikika anabonyeza swichi na kuondoka. Windows haikutaka hivyo. Ilitaka ufunge madirisha yake moja moja, uiage, usubiri, mpaka kioo kiwe cheusi na yatokee maandishi ya rangi ya chungwa kusema kwamba sasa ni salama kuzima kompyuta. Umeme ukikatika lilikuwapo boksi la betri lililolia na kumpa Getruda muda wa kufanya hayo yote. Lakini msiba haukuwa na boksi.

Alipokufa mke wa mlinzi, sote tuliinuka mara moja. Getruda alibaki ameketi, anasubiri mashine imalize. Uani wanawake walikuwa wameanza kulia. Petronila akarudi mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Wenzako wanalia, wewe unatazama picha."

Yule mtoto aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono, akabonyeza swichi, kioo kikafa katikati ya mawingu yake. Tangu siku hiyo, kila msiba ulipotangazwa, Getruda alikuwa wa kwanza kuzima na wa kwanza kufika uani. Watu walimsifu kwamba ana utu. Kesho yake asubuhi mashine iliamka ikilalamika, inajikagua kwanza kwa kioo cha buluu, na kila msiba malalamiko yaliongezeka. Maneno mengine yalianza kutoka na herufi za ajabu. Hatukuelewa. Tulidhani ni joto, tukaileta feni ya mkurugenzi.

Asubuhi moja haikuamka kabisa. Ndani yake lilikuwamo ombi la fedha za mwaka ujao, kazi ya wiki nyingi, chakula na ada za watoto wote tuliokuwa tunawalea, na tarehe ya kulituma ilikuwa imekaribia. Getruda alipauka. Bwana Lwakatare aliizunguka mashine mikono ikiwa nyuma, akauliza kama hatuwezi kununua Windows nyingine ya akiba tukaipachika kama tairi. Mzee Suryakant aliitwa, akaja na pampu ya baiskeli, akaipuliza vumbi matundu yote, akasikiliza kwa sikio, akasema kwa masikitiko kwamba hii ni ya Mwanza. Ikapelekwa Mwanza, kwa barabara, kwa sababu hakuna aliyekubali ipande meli.

Wakati haipo, watu walitafuta sababu, na wasiojua kitu hawakosi sababu. Walisema ni jicho la Petronila. Walisema amekuwa akisimama nyuma ya ile mashine miezi mizima bila kusema neno, sasa alikuwa akifanya nini. Mpishi alianza kufunika sufuria alipopita. Petronila hakujitetea, na hapo ndipo nami nilipoanza kumtilia shaka, maana Petronila ninayemjua angevunja mtu meno.

Jioni moja tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimsimamisha njiani nikamuuliza kama kuna kitu alikifanya. Akasema hakuigusa hata kwa kidole.

"Ila ulijua inaumwa nini," nilimwambia.

"Mwanza walitutahadharisha kabla hazijafika huku," alisema. "Mashine ya namna hii ukiizima ghafla unaiua kidogo kidogo."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia kwamba kwa mdomo wake ndiye aliyemfanya yule binti azime, na kwamba katika ombi lile walikuwamo hata watoto wa dada yake mwenyewe. Akajibu kwamba na mimi niende nikawaambie watu kuwa kuheshimu maiti ndiko kulikoua kompyuta, tuone nani atanisikiliza. Kisha akaniambia lililokuwa moyoni. Bwana Lwakatare alikuwa amemwita faragha. Alimwambia kwamba Getruda akishindwa tena, kiti ni chake. Alilisema hilo kwa haraka, na sikujua kama ni kwa furaha au kwa hofu. Niliachana naye pale pale, sikumuaga.

Mashine ikarudi. Walikuwa wameiponya kwa kuifuta kila kitu, kichwa chake kitupu. Ombi likaanza upya, mkurugenzi akisoma, Getruda akipiga. Petronila alipendekeza arudishiwe Dosi yake wagawane kurasa, Bwana Lwakatare akasema wafadhili wangeona aibu. Getruda alipiga mchana kutwa, macho yakawa mekundu, akaacha hata kula. Petronila alibandika bahasha. Nilikaa naye meza moja tukawa hatusemeshani, na kila mlango ulipofunguliwa niliona sikio lake linavyosimama. Alikuwa anasubiri msiba. Nami nilikuwa namwombea asiupate.

Ukaja. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, ombi limebakiza kurasa chache. Simu ililia ofisini kwa mkurugenzi, akatoka, akasimama kwenye ukumbi, na tukamwona anatazama mlango wa chumba cha kompyuta. Mama yake Getruda alikuwa amefariki kule Ijumbi.

Hakukuwa na haja ya kumwambia Getruda. Alimwona mkurugenzi usoni, akaelewa. Alitoa sauti moja ndogo, kisha mkono wake, kama ulivyozoea, ukaenda kwenye swichi. Nilikuwa mlangoni. Petronila alikuwa tayari ndani, sijui alipitaje. Alimshika yule binti kifundo cha mkono kabla kidole hakijafika.

"Nenda kwa mama yako, mwanangu," alisema. "Hii niachie mimi."

Getruda alimtazama. Nafikiri hata katika kilio kile alijua anamwachia nani. Akainuka, wanawake wakampokea, wakamtoa uani, pikapu ikawashwa. Mimi sikupanda. Nasema kweli, nilibaki kwa sababu sikumwamini Petronila.

Aliketi kwenye kile kiti cha magurudumu. Hakuwahi kukikalia. Hakuwahi kuishika ile mausi pia, na mara ya kwanza alipoisukuma kishale kilikimbilia pembeni akakipoteza. Akavuta pumzi. Akakitafuta, akakirudisha. Akatunza maandishi, akaweka disketi, akatunza tena, akafunga dirisha la kwanza, na la pili, kwa mpangilio ule ule wa Getruda, bila kukosea, bila mtu kumwelekeza. Alikwama mahali pamoja tu, kwenye kukumbuka kwamba ili kuizima lazima ubonyeze palipoandikwa anza. Kisha mashine ikasema subiri.

Naye akasubiri. Nje pikapu ilikuwa inapakia, wanawake wanalia kwa sauti, na waliopita dirishani waliona Petronila ameketi kwenye kompyuta, mikono mezani, anatazama kioo. Mpishi alisimama kabisa kutazama. Nilisikia akiwaambia wenzake kwamba huyu hata maiti haimtoi kwenye kiti cha mwenzake. Petronila alisikia pia. Shingo yake ilikaza, lakini hakugeuka. Pikapu ikaondoka. Ile mashine haikuwa na haraka hata kidogo.

Kioo kikawa cheusi. Yakatoka maandishi ya rangi ya chungwa. Aliyasoma neno kwa neno kwa midomo, akanigeukia nami nikamwitikia kwa kichwa, ndipo akabonyeza swichi. Hakuinuka mara moja. Alipapasa sponji ya kile kiti kwa kiganja.

"Ni laini," alisema. "Hata hakuwahi kuniambia kwamba ni laini hivi."

Tulifika Ijumbi kwa gari la abiria jua limeshuka, na habari zilikuwa zimetutangulia. Kibanja kizima kilijaa watu mpaka barabarani. Wanawake waliokuwa wameketi kwenye majani walimwona Petronila, na hakuna aliyemsogezea nafasi. Mmoja alimuuliza kwa Kihaya kama kazi imekwisha. Yeye alifunga kanga kiunoni, akaketi pembeni kabisa, chini ya ukuta wa jiko, peke yake. Niliona haya kwa niaba yake nikaenda nikaketi naye.

Getruda alitoka ndani akiwa ameshikiliwa na shangazi zake, sauti imekauka. Alitupitishia macho sote, akamwona, akawatoka wale shangazi akaja mpaka pale ukutani. Watu wakageuka, wakitegemea ugomvi. Alipiga goti mbele ya Petronila kama alivyozoea kumsalimia.

"Iliandika?" aliuliza.

"Iliandika," Petronila alijibu. "Kwa rangi ya chungwa. Niliisoma mpaka mwisho."

Getruda akamlalia kifuani, akalia pale kwa muda mrefu kuliko alivyolia ndani. Wanawake wa kwenye majani walitazamana. Hakuna aliyejua kilichoandikwa ni nini, na hakuna aliyeuliza. Baadaye mmoja wao alisogea kidogo, akampungia Petronila mkono kwamba aje aketi.

Tulizika kesho yake. Wakati wa kurudi Bukoba tuliketi nyuma ya pikapu, vumbi lote likitupata sisi. Petronila aligeuzia uso pembeni mpaka Muleba mjini. Nilidhani analia, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mazuri.

"Uliona watu walivyojaa?" aliniuliza. "Ildefons wangu alizikwa siku yenye misiba mingine kila upande. Tulikuwa watu wa kuhesabika, wachimba kaburi tukawaazima kwa jirani. Hata msiba, yule binti amenizidi."

Nilimshika mkono tukaenda hivyo.

Ombi lilitoka kwenye ile printa yetu moja na likatumwa. Bwana Lwakatare alimsifu Getruda mbele ya wote, akaisifu na Windows, akakaa. Getruda akainuka akasema kwamba mashine ile haiwezi kuzimwa kwa ghafla, na misiba haitaki kusubiri, kwa hiyo anaomba mtu wa kubaki kuifunga wakati wengine wanakwenda kulia. Akasema anamtaka Petronila, na asipopewa Petronila haigusi tena. Mkurugenzi alikubali, nadhani ili asiulizwe swali la kitaalamu.

Hivyo ndivyo Petronila alivyobaki kazini. Misiba iliendelea, na kila mara sote tulikimbia uani, yeye akabaki ndani ameketi, kila mpita njia anamwona, mpaka maandishi ya rangi ya chungwa yatoke. Kisha alikuja msibani nyuma yetu, amechelewa, akaketi panapobaki. Wanaomjua walimwachia nafasi. Wasiomjua walisema yao.

Alitengenezewa kiti cha mbao, kikawekwa kando ya kile cha Getruda. Siku ya kwanza alikikalia, akajisogeza, akajaribu kuegemea. Kisha akanyoosha mkono, akashika ukingo wa kile cha magurudumu kwa vidole viwili, akauliza walikinunua wapi.